Usukani Si Pambo: Alipe Mwenye Gari



Mwezi uliopita dereva mmoja wa lori, mwanachama wetu wa miaka mingi, alifika katika ofisi ya tawi akiwa na hati yake ya mshahara mkononi. Katika hati hiyo mlikuwa na mstari mmoja wa makato ambao hakuuelewa. Mstari huo uliandikwa neno moja tu: "usukani." Alipomwuliza tajiri wake, aliambiwa kwamba usukani wa lori ulikuwa umebambuka, kwamba umefunikwa upya kwa ngozi, na kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiushika kila siku, basi ndiye aliyeuharibu na ndiye atakayelipa. Makato hayo yataendelea kwa miezi mitatu.

Kesho yake tulikwenda kumtafuta fundi aliyeushona usukani ule. Tulimkuta nyuma ya gereji, chini ya mabati, usukani mwingine ukiwa juu ya magoti yake na sindano mkononi. Tulimwuliza alilipwa kiasi gani kwa kazi ya lori lile. Alitutajia. Ilikuwa chini ya robo ya fedha anazokatwa dereva.

Tunajua kwamba ngozi hununuliwa, na uzi na gundi pia hununuliwa, na gereji ina kodi ya kulipa. Hatusemi pesa yote ilikuwa ya fundi. Lakini tulipokuwa tukirudi ofisini tulizungumza jambo moja njia nzima: usukani ni mmoja, na wafanya kazi wawili wameumizwa nao. Aliyeushika ametozwa asichodaiwa, na aliyeushona amepewa kidogo kuliko haki yake. Mwenye lori amepata usukani mpya na hakutoa hata senti. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo.

KAZI YENYEWE NI HII

Wako wanaodhani kwamba kufunika usukani, au steringi kama wasemavyo wengi gerejini, ni kama kuvisha mto foronya. Basi na wasikilize.

Kwanza fundi huondoa ngozi ya zamani na kusafisha duara mpaka libaki laini. Palipopasuka hupaziba na kupapiga msasa, maana kila kovu la chini huonekana juu. Kisha hutengeneza pateni: huzungusha plastiki nyembamba juu ya duara, juu yake akabandika utepe wa karatasi, akachora alama za mahali pa mshono na mahali pa mikono ya usukani, akaukata na kuulaza mezani. Hiyo pateni ndiyo kipimo cha kukatia ngozi. Ngozi inayofaa ni ya unene wa kama milimita moja au zaidi kidogo. Ikiwa nene mno haikunji; ikiwa nyembamba mno haidumu. Nayo hukatwa ikiwa pungufu kidogo kuliko duara, ili ivutwe kwa nguvu na kukaza. Ikikatwa sawasawa na duara italegea, na kazi yote itakuwa bure.

Halafu yaja matundu. Chukua usukani wa gari dogo wenye upana wa sentimita 38. Mshono hukaa upande wa ndani wa duara, ambako mzunguko wake ni karibu mita moja. Fundi akiacha milimita tano kati ya tundu na tundu, atakuwa na matundu 200 kwa kila ukingo, yaani 400 kwa jumla. Kwa usukani wa basi wenye upana wa sentimita 45 matundu yatakaribia 490. Katika kila tundu sindano huingia, uzi hufuata, na mkono huvuta. Usipovutwa kwa nguvu ile ile kila mara, mshono hupinda kama njia ya ng'ombe. Uzi wenyewe ni mnene, wa kutiwa nta au wa nailoni, na hukata vidole kama waya. Fundi mwenye ujuzi humaliza usukani mdogo kwa saa tatu mpaka sita. Wa basi au lori humchukua zaidi.

Tena siku hizi magari mengi yana mfuko wa hewa katikati ya usukani, ule unaofura gari likigonga. Fundi anayejua kazi yake hutenga betri kwanza na kungoja dakika kadhaa kabla ya kugusa kitu, maana mfuko ule ukilipuka usoni pake utamwumiza vibaya. Wala hathubutu kuushonea ngozi kifuniko cha mfuko huo, kwa kuwa siku ya ajali hautafunguka inavyopasa, na dereva ataumia.

Je, hiyo ni kazi ya kibarua? Hiyo ni kazi ya fundi kamili, na ni kazi ambayo maisha ya watu yameiegemea.

MKONO WA DEREVA

Wenye magari husema: "Ngozi ni anasa. Dereva hahitaji anasa." Sisi tunasema hawajui wanalosema, kwa sababu hawajapata kushika usukani kutoka Mombasa mpaka Malaba.

Dereva wa matatu huingia kazini alfajiri na hutoka usiku. Katika saa zote hizo mkono wake wa kulia hauachi usukani, na wa kushoto huenda kwenye gia na kurudi. Mkono hutoa jasho. Usukani uliobambuka huteleza mahali fulani na kukwaruza mahali pengine. Plastiki ya zamani ikipigwa na jua hunata kiganjani. Dereva akikaza mkono ili usukani usimponyoke, bega lake huchoka, na dereva aliyechoka ni hatari kwa kila abiria aliye nyuma yake.

Wengine hununua vile vifuniko vya kuvisha tu, vinavyouzwa na wachuuzi barabarani. Ni rahisi, tunakiri. Lakini kifuniko kisichoshonwa wala kubana duara sawasawa chaweza kuzunguka chenyewe huku usukani umekaa pale pale. Dereva anakata kona, mikono yake imezunguka, magurudumu hayajazunguka vya kutosha. Tukisema kwamba kitu hicho kimoja chaweza kulitupa gari mtaroni, tunatia chumvi? Waulizeni madereva wa zamani.

Na vinaili, yaani ngozi ya plastiki? Hatuikatai. Bei yake ni nafuu na huoshwa kwa urahisi. Lakini ndani ya plastiki hiyo mna mafuta yanayoilainisha, na jua huyatoa kidogo kidogo mpaka ikakauka na kupasuka, na mara nyingi huanza kuchanika penye matundu ya sindano. Ngozi halisi hunyonya jasho na hudumu zaidi ikipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa gari la kazi sisi tunapendelea ngozi. Tajiri asiyeweza ngozi na aweke vinaili nene yenye kitambaa nyuma yake, lakini ishonwe juu ya duara, isivishwe tu kama kofia.

Jambo la maana ni hili: usukani ni chombo cha kazi kama tairi na breki. Hakuna tajiri anayemkata dereva bei ya tairi kwa sababu limelika njiani. Kwa nini basi amkate bei ya usukani kwa sababu umelika mkononi?

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Someni vizuri neno hilo: la makusudi. Kutoa jasho si kosa la makusudi. Kushika usukani si kosa. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Tumemwandikia tajiri wa ndugu yetu barua yenye maneno hayo, na tunangoja jibu lake. Asipojibu, tutajua mlango wa kubisha, maana iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

GUNDI

Sasa turudi kwa fundi, kwa kuwa yeye ana dhara jingine asilolisema dereva.

Ili ngozi ikae, fundi hupaka gundi kwenye duara, na mara nyingi pia kwenye mgongo wa ngozi. Gundi hiyo ni ile ile ya washona viatu. Kila mkaaji wa Nairobi amewaona watoto wa mitaani wakiwa na chupa ya gundi puani. Tunawahurumia na kusema gundi inawaharibu akili. Lakini fundi wetu anayeinama juu ya kopo la gundi hiyo hiyo kutwa nzima, katika chumba kisicho na dirisha, nani anamhurumia? Au ubongo wake ni wa chuma?

Katika gundi nyingi za namna hiyo mna dawa za kuyeyushia, kama vile toluini na heksani, ambazo hugeuka mvuke upesi. Huko Japani, katika jimbo la Mie, miaka ya 1960, wafanya kazi waliokuwa wakibandika kandambili za vinaili nyumbani mwao walianza kufa ganzi mikono na miguu. Wengine walidhoofika mpaka kutembea kukawa taabu. Madaktari walipochunguza, waligundua kwamba ni heksani ya gundi iliyokuwa ikila mishipa ya fahamu. Hawakuwa wachimba migodi wale, wala hawakufanya kazi katika kiwanda cha sumu. Walikuwa wakibandika kandambili.

Kwa hiyo fundi akisikia vidole vyake vimekufa ganzi, asiseme ni uzee au baridi. Na aende kwa daktari, naye amwambie daktari wazi: "Kazi yangu ni ya gundi." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanya kazi wanaogusa vitu vya kudhuru mavazi na vifaa vya kujikinga. Ile ya Fidia ya Majeraha ya Kazi, ya mwaka huo huo, inahesabu magonjwa yaletwayo na kazi, si majeraha peke yake. Vifungu hivyo viliandikwa vitumike.

NDUGU ZETU WA MEXICO

Labda mtu atasema haya ni mambo ya gereji za mabati, na kwamba katika viwanda vikubwa vya ng'ambo hayako. Basi na asikie habari hii.

Karibu na mpaka wa Mexico na Marekani, katika jimbo la Tamaulipas, iko miji ya Matamoros na Valle Hermoso. Huko palikuwa na viwanda viwili vilivyoitwa Auto Trim na Custom Trim, mali ya kampuni moja ya Marekani. Kazi ya wafanya kazi wake ilikuwa kushona ngozi juu ya sukani na vishikio vya gia vya magari mapya. Kazi ile ile ya fundi wetu wa mabati, sindano ile ile, gundi ile ile, lakini kwa kasi ya kiwanda.

Mnamo Julai 2000 wafanya kazi wa viwanda hivyo, wa sasa na wa zamani, wakishirikiana na vyama vilivyowaunga mkono, walipeleka mashtaka Washington, katika ofisi iliyowekwa kwa mapatano ya kazi yaliyofungamana na mkataba wa biashara wa NAFTA wa mwaka 1994. Walilalamika kwamba viganja, vifundo vya mikono na mabega yao yaliharibika kwa kuvuta ngozi kutwa. Walilalamika juu ya mvuke wa gundi na dawa za kusafishia. Walisema kwamba miongoni mwao walizaliwa watoto wenye kasoro. Na walisema kwamba serikali ya Mexico haikutekeleza sheria zake yenyewe za kuwalinda.

Ushahidi ulisikilizwa hadharani katika mji wa San Antonio, Texas, mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mwaka 2001 ofisi ile ilitoa taarifa yake na kupendekeza mawaziri wa nchi hizo wakutane, na mwaka 2002 ikakubaliwa kuundwa kamati ya wataalamu wa usalama kazini. Sisi tunawapongeza ndugu zetu wale kwa ushujaa wao, lakini tunasema pia kwamba kamati si fidia, na karatasi haiponyi mkono.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, ubaya wa kazi hii hautokani na umaskini wa gereji. Watokana na anayepanga kasi na malipo bila ya kuuliza mkono unaoshona. La pili, sheria iliyoandikwa vizuri hailindi mtu mpaka wafanya kazi waungane na kuidai. Ndugu zetu wa Mexico walikuwa na sheria. Sisi pia tunazo.

KOSA LETU WENYEWE

Tusiwaseme matajiri tu. Nasi tuna kosa letu.

Ni madereva wangapi miongoni mwetu, wenye magari yao ya teksi au ya kukodi, hufika kwa fundi na kumwambia: "Hiyo ni kazi ya saa moja, punguza bei"? Fundi ana njaa, anapunguza. Kesho yake mwenye gereji anaifanya bei ile kuwa bei ya siku zote. Dereva anayepigania mshahara wake asubuhi, na mchana akaula mshahara wa fundi, amejikata mguu mwenyewe.

Na mafundi nao huficha. Wanaona haya kusema kichwa kinawauma, wasije wakaitwa wavivu. Wako wazee wanaowaambia vijana wanaojifunza kazi, "Hata mimi nilianza hivi." Kuanza vibaya si sababu ya kuendelea vibaya. Kijana wa kujifunza asitumwe kupaka gundi siku nzima eti kwa kuwa ndiyo kazi isiyohitaji ujuzi. Ndiyo kazi yenye sumu kuliko zote.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda cha fundi wetu hakina hata kastabani.

TUNATAKA NINI

Tumelizungumza jambo hili katika halmashauri ya tawi, na haya ndiyo tunayoyaona kuwa ya haki.

Kwanza, kila mapatano tutakayofanya na wenye magari yawe na neno linalosema wazi kwamba usukani, kiti na vyombo vyote vinavyolika kwa kazi ni gharama ya mwenye gari, wala visikatwe katika mshahara.

Pili, malipo ya fundi yahesabiwe kwa saa au kwa ukubwa wa usukani, si kwa bei moja tu. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya gereji yoyote. Fundi akipewa shilingi 600 kwa usukani mdogo uliomchukua saa tano, amepata shilingi 120 kwa saa. Akipewa shilingi 600 zile zile kwa usukani wa basi uliomchukua saa saba, hapati hata shilingi 86 kwa saa. Kazi imezidi, malipo yamepungua. Na mwenye gereji asiseme fundi atangoje mpaka mteja alipe. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ajira chasema anayelipwa kwa idadi ya kazi alipwe mwisho wa mwezi kwa kadiri aliyofanya, au kazi inapokwisha, lolote litakalotangulia.

Tatu, gundi ipakwe mahali pa wazi penye upepo, kopo lifunikwe kila linapoachwa, na mwajiri atoe glavu na vifaa vya kukinga pumzi vinavyofaa mvuke wa dawa. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii mvuke. Anayeweza kupata gundi ya maji badala ya ile ya mvuke na aijaribu.

Nne, fundi asishone zaidi ya mkono unavyoweza. Baada ya kila saa apumzike dakika chache, anyoshe vidole na mabega.

Tunajua jibu la wenye gereji. Watasema vifuniko vya bei rahisi kutoka ng'ambo vinawanyang'anya wateja, kwa hiyo hawawezi kuongeza kitu. Tunakiri vifuniko hivyo vipo, na kwamba gereji ndogo zina taabu. Lakini gereji haiwezi kushindana na kiwanda cha ng'ambo kwa urahisi wa bei, hata fundi akishona bure. Itashinda kwa uzuri wa mshono, na mshono mzuri hautoki katika mkono uliokufa ganzi.

Ndugu wanachama, mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walipoanzisha East African Trade Union Congress, Kubai alikuwa ametoka katika chama cha wafanya kazi wa uchukuzi, watu wa usukani. Hawakuwabagua madereva na mafundi, Waafrika na Wahindi. Walijua kwamba tajiri hufurahi akiona dereva na fundi wakigombana juu ya senti huku yeye akiweka shilingi mfukoni.

Basi dereva akipanda lori lake kesho, autazame mshono ulio chini ya vidole vyake. Ahesabu matundu kama ana nafasi. Kila tundu ni mvuto mmoja wa mkono wa ndugu yake. Na ukimwona tajiri wako ameandika neno "usukani" katika hati yako ya mshahara, usinyamaze wala usigombane naye peke yako. Ilete hati hiyo ofisini. Fundi naye alete hesabu ya saa zake. Tukiziweka karatasi hizo mbili juu ya meza moja, tutakuwa na neno la kumwambia mwenye gari.

Umoja ni nguvu.